Watu wa Ukingo wa Mto na Bustani za Japani

Neno bustani liliwafikia Waswahili kutoka Kiajemi, na kwa asili yake lina maana ya mahali pa harufu nzuri. Alitamkaye hukumbuka asumini, mawaridi na mlangilangi, vitu ambavyo pua huvitambua kabla ya jicho. Wajapani wa kale walianzia kwingine. Katika karne ya 7 na ya 8, bustani ya mtu mwenye cheo iliitwa shima, na maana ya shima ni kisiwa. Mbele ya nyumba kulichimbwa bwawa, na katikati ya bwawa kikaachwa kipande cha ardhi kizungukwe na maji. Soga no Umako, waziri mwenye nguvu aliyefariki mwaka 626, alikuwa na bwawa la namna hiyo nyumbani kwake kando ya mto Asuka, na kwa ajili yake watu wakamwita Waziri wa Kisiwa.

Wakati waziri huyo akiishi, palikuwa na mtu mwingine ambaye kisiwa kwake kilikuwa tishio la kifo. Habari zake zimo katika Nihon Shoki, kitabu cha historia ya wafalme wa Japani kilichokamilika mwaka 720. Katika mwaka unaolingana na 612, zama za Malkia Suiko, aliwasili mgeni kutoka Baekje, moja ya falme za Korea. Uso na mwili wake ulikuwa na mabaka meupe. Watu walimchukia kwa sura yake, wakakusudia kumtupa katika kisiwa kilichomo baharini afie huko. Yule mgeni akajitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba ikiwa mabaka ni kosa, basi ng'ombe na farasi wenye mabaka nao wasifugwe nchini. Ya pili, kwamba yeye ana ujuzi mdogo wa kuunda sura za milima, na wakimweka hai nchi itafaidika. Akaamriwa ajenge katika uwanja wa kusini wa kasri mfano wa Sumeru, mlima ambao Mabudha huuona kuwa kitovu cha ulimwengu, pamoja na daraja la mtindo wa Kichina. Watu wakampa jina la Michiko no Takumi.

Huyu ni miongoni mwa mafundi wa kwanza wa bustani kutajwa kwa jina katika maandishi ya Japani, na kutajwa kwake kunafungua mlango wa historia ambayo wengi wa wanaozisifu bustani hizo hawaijui. Uzuri wa bustani za Kijapani umesifiwa kwa lugha nyingi, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini kwa karne nyingi mikono iliyouumba uzuri huo ilikuwa mikono ya watu waliotengwa, na asiyewajua watu hao ameliona jiwe bila kumwona aliyelisimamisha.

Mwaka 794 makao ya wafalme yalihamishiwa mji ambao leo unaitwa Kyoto. Mji huo umezungukwa na milima pande tatu, na bahari iko mbali nao. Pengine ndiyo sababu mabwana na mabibi wa kasri walitamani sana pwani. Katika bustani zao maji ya bwawa yaliitwa bahari, kingo zake zikatandazwa kokoto laini mfano wa ufuo, na misonobari ikapandwa ionekane kana kwamba imepindwa na upepo wa baharini. Aliyezidi wote ni Minamoto no Toru, mtoto wa mfalme, aliyeishi kutoka mwaka 822 hadi 895. Katika jumba lake lililoitwa Kawara-no-in aliiga ghuba ya Shiogama, iliyo mbali kaskazini mashariki ya nchi. Maana ya jina hilo ni chungu cha kupikia chumvi. Inasimuliwa kwamba Toru aliagiza maji ya bahari yaletwe mpaka jumbani, yakachemshwa mle bustanini, ili moshi wa wapika chumvi upande juu kama unavyopanda huko pwani. Alipokufa, mshairi Ki no Tsurayuki alifika katika jumba lile na kutunga shairi la kuomboleza moshi usioonekana tena. Bustani na shairi vilikuwa tayari vimekuwa ndugu wawili, kila mmoja akikumbuka kwa niaba ya mwenziwe.

Kama ushairi ulivyo na arudhi, bustani nazo zikawa na kanuni zake. Kitabu kikongwe kuliko vyote vilivyobaki kuhusu sanaa hii ni Sakuteiki, cha karne ya 11, kinachodhaniwa kuandikwa na Tachibana no Toshitsuna (1028–1094). Baba yake, Fujiwara no Yorimichi, ndiye aliyejenga Jumba la Feniksi la hekalu la Byodo-in huko Uji mwaka 1053. Kitabu hicho hakina maua mengi. Kinaanza na jiwe, na mafundisho yake juu ya jiwe ni ya ajabu: fundi asilazimishe shauri lake, alisikilize jiwe linaomba nini. Lisimamishwe kwanza jiwe moja lenye haiba, kisha mengine yawekwe kwa kufuata ombi la hilo la kwanza. Mtunzi wa mashairi ya Kiswahili hatapata taabu kuelewa. Vina vya mshororo wa kwanza vikishatua, mishororo inayofuata haina uhuru wa kwenda ipendako, na katika kubanwa huko ndimo ufundi hupimwa. Sakuteiki kina miiko pia. Jiwe ambalo kwa asili lilikuwa limesimama lisilazwe, na lililokuwa limelala lisisimamishwe, kwani kufanya hivyo huleta balaa kwa wenye nyumba.

Ni kitabu hicho hicho kilichotaja bustani ya mawe isiyokuwa na bwawa wala kijito, ambayo kwa Kijapani huitwa karesansui, yaani mandhari kavu. Sanaa hiyo ilikomaa baadaye, chini ya watawa wa madhehebu ya Zen. Maarufu wao katika fani hii ni Muso Soseki (1275–1351), mtawa aliyekuwa mshairi vilevile. Mwaka 1339 alilifufua hekalu la Saiho-ji magharibi ya Kyoto. Kwenye mteremko wa juu wa hekalu hilo yamepangwa mawe mfano wa maporomoko ya maji, wala tone la maji halipiti hapo. Bonde la chini leo limefunikwa na mimea laini ya kijani, ile inayoota juu ya mawe na mizizi yenye unyevu. Pana takriban aina 120 za mimea hiyo, nayo ilitanda yenyewe katika karne zilizofuata. Muso alifundisha kwamba katika milima na maji hamna faida wala hasara. Faida na hasara zimo katika moyo wa mtazamaji.

Mtawa aliweza kuchora na kuelekeza. Nani aliyebeba mawe?

Katikati ya Kyoto hupita mto Kamo, na kingo zake pana ni za changarawe. Mto ukifurika, kingo huliwa na maji. Kwa hivyo zamani hapakulimwa na hapakutozwa kodi. Mahali hapo huitwa kawara, na waliolazimika kuishi hapo waliitwa kawaramono, watu wa ukingo wa mto. Walichinja wanyama, walichuna na kudabighi ngozi, waliondoa mizoga na maiti. Kwa imani za wakati ule, damu na kifo viliacha unajisi usiotoka, na unajisi huo ukahesabiwa kuwa wa kurithi, mtoto akaupata kwa baba yake. Mashujaa walivaa deraya zilizofungwa kwa ngozi iliyotoka kwa watu hao, wakakalia matandiko ya farasi yaliyotoka kwa watu hao, lakini hawakukubali kuketi nao.

Kuchimba ardhi na kukata miti nako kuliogopwa, kwani iliaminika kwamba kunaweza kuiudhi miungu ya mahali. Kazi hizo zikaachiwa waliokwisha kuhesabiwa najisi. Wakachimba visima, wakahamisha udongo, wakang'oa misonobari mikubwa na kuipanda upya bila kuiua. Katika karne ya 15 walikwisha kuupata ujuzi ambao hata watawa waliosifika kwa kupanga mawe hawakuwa nao. Walijua jiwe la namna gani lina uzito upande gani, na ni sehemu gani yake izikwe ili lionekane limeota pale tangu dunia kuumbwa. Bado huo ndio msingi wa sanaa hii: jiwe zuri halikai juu ya ardhi, hutoka ndani yake.

Mkubwa wao alikuwa Zen'ami. Alimtumikia Ashikaga Yoshimasa, shoguni wa nane wa ukoo wa Ashikaga, aliyetawala kutoka mwaka 1449 hadi 1473. Zen'ami alipougua, Yoshimasa alimpelekea dawa, jambo ambalo watu wa zama zile waliona linastahili kuandikwa. Bustani za kasri la shoguni zilipita mikononi mwake, na huko Nara alifanya kazi katika bustani ya Daijo-in. Alifariki mwaka 1482, na inasemekana alikuwa na umri wa miaka 97.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Yoshimasa alikuwa mtawala mwema kwa sababu alimthamini fundi wake. Mwaka 1461 njaa kali iliikumba Kyoto, na maiti zikajaa katika mto Kamo hata maji yakazuilika. Mtawa mmoja aliyeweka kipande cha ubao wa dua juu ya kila maiti alihesabu zaidi ya 80,000. Wakati huo shoguni alikuwa akijenga na kupamba makao yake. Mfalme Go-Hanazono, ambaye hakuwa na jeshi wala hazina ya kumzuia, alimpelekea shairi la Kichina la kumkanya. Miaka sita baadaye vilizuka vita vya Onin, vilivyodumu kutoka mwaka 1467 hadi 1477 na kuigeuza sehemu kubwa ya mji kuwa majivu. Yoshimasa alipostaafu alianza mwaka 1482 kujenga makao ya mapumziko chini ya milima ya mashariki. Ndiyo yaliyokuja kuwa hekalu la Ginkaku-ji, Banda la Fedha, ambalo fedha halikupakwa kamwe. Zen'ami alikufa mwaka huo huo kazi ilipoanza, na mwanawe Koshiro na mjukuu wake Matashiro wakaendelea na ufundi wa ukoo.

Huyu Matashiro ameacha kitu cha thamani kuliko bustani. Mwaka 1489 alizungumza na mtawa Keijo Shurin, naye mtawa akayaandika maneno yake katika kumbukumbu za hekalu. Matashiro alisema kwamba anasikitika moyoni kwa kuzaliwa katika nyumba ya wachinjaji. Kwamba kwa sababu hiyo ameapa kutoitoa roho ya kiumbe chochote, na kujilinda asiwe na tamaa ya mali. Mtawa aliyasikia hayo kutoka kwa mtu ambaye sheria ya jamii ilimwita najisi, akayatafakari na kumsifu. Watawa wa Kyoto walikuwa na mali, ugomvi na tamaa kama watu wengine. Yule mtu wa ukingo wa mto ndiye aliyekuwa akiishi kama mtawa. Maneno yale machache ni miongoni mwa sauti adimu za kawaramono zilizosalia kutoka karne hiyo. Mengine waliyasema kwa mawe.

Lakini pako mahali ambapo jiwe lenyewe limeandikwa. Hekalu la Ryoan-ji lilianzishwa mwaka 1450 na kabaila Hosokawa Katsumoto, likateketea katika vita vya Onin, likajengwa tena kuanzia mwaka 1488. Mbele ya baraza lake kuna uwanja wa mstatili wa changarawe nyeupe, wenye urefu wa takriban mita 25 na upana wa mita 10, uliopigwa reki kwa mistari mirefu. Ndani yake yamo mawe 15 katika mafungu matano, na kila fungu limezungukwa na utando wa kijani. Hamna mti, hamna ua, hamna maji. Ukuta mfupi wa udongo umetia mpaka, na nyuma yake miti ya nje inainama kama inayochungulia. Popote mtu atakapoketi barazani hataona zaidi ya mawe 14 kwa mara moja. Akisogea ili alione lililofichika, jingine hujificha.

Maana ya mawe hayo imetafutwa sana. Wapo wasemao ni visiwa katika bahari, wapo wasemao ni vilele juu ya mawingu, na wapo waonao chui milia jike akivusha watoto wake mtoni. Mbuni wake naye ametafutwa. Kwa muda mrefu bustani hiyo ilihusishwa na Soami, mchoraji mashuhuri wa zama za Ashikaga aliyefariki mwaka 1525, ingawa hakuna hati iliyothibitisha hivyo. Wakati huohuo, nyuma ya jiwe moja lililo karibu na ukuta, yamechongwa majina mawili. La kwanza husomwa Kotaro. La pili limelika, na wataalamu hawakubaliani juu ya herufi yake ya mwanzo. Ni majina ya watu wa kawaida yasiyokuwa na jina la ukoo, na wanahistoria wengi huyahesabu kuwa ya kawaramono. Kama wao ndio waliobuni au walibeba na kusimamisha tu, jiwe halisemi. Lakini katika bustani ambayo dunia nzima inaijua, majina pekee yaliyoandikwa ni ya kwao.

Karne moja baadaye, bustani ilijaribu kwa njia yake kusema neno juu ya vyeo. Sen no Rikyu (1522–1591), mtoto wa mfanyabiashara wa mji wa bandari wa Sakai, aliikamilisha sanaa ya kunywa chai katika kibanda duni. Njia ya kufikia kibanda hicho ni bustani ndogo iitwayo roji. Ina vijiwe vya kukanyagia vilivyopangwa ili mtu apunguze mwendo na kutazama chini, na birika la jiwe lililowekwa chini kabisa, hata anayetaka kunawa lazima achutame. Mwisho wake upo mlango mdogo ambao huingiwa kwa kutambaa, na shujaa aliuacha upanga wake nje. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, mwenye jeshi na mwenye duka walikuwa sawa. Usawa huo haukuvuka uzio. Mwaka 1591 Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa nchi na mwanafunzi wa chai wa Rikyu, alimwamuru mwalimu wake ajiue, naye akajiua.

Zilifuata enzi za Tokugawa, kutoka mwaka 1603 hadi 1868, na makabaila wakajenga bustani kubwa za kutembelea. Mpenzi wa ushairi ataipenda hasa Rikugi-en, iliyoko katika mji ambao leo ni Tokyo. Kabaila Yanagisawa Yoshiyasu aliikamilisha mwaka 1702. Jina lake limetokana na kanuni sita za ushairi, na ndani yake paliwekwa alama za mandhari 88 zilizotoka katika mashairi na fasihi ya kale, ili anayetembea awe anasoma kwa miguu. Katika enzi hizo hizo, sheria ziliuimarisha ubaguzi. Watu wa matabaka yaliyotengwa waliwekewa mahali pa kuishi, nguo za kuvaa na kazi za kufanya, na kazi ya bustani ikapita kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wengine. Watawala walizihifadhi bustani na kuwasahau waliozianzisha.

Serikali ya Meiji ilifuta matabaka hayo kwa amri ya mwaka 1871. Amri ilifuta majina, haikufuta mazoea. Kijiji alichotoka mtu kiliendelea kumfuata katika ndoa na ajira. Mwaka 1922 wazao wa waliotengwa walikutana Kyoto na kuunda Suiheisha, yaani jumuiya ya walio sawasawa kama uso wa maji. Walitangaza kwamba wao ni binadamu na kwamba wanaona fahari kwa asili yao. Mwaka 2016 bunge la Japani lilipitisha sheria nyingine ya kuondoa ubaguzi huo, na kuhitajika kwake ni ushahidi kwamba ulikuwa bado upo. Miaka mia nne na zaidi ilikuwa imepita kati ya masikitiko ya Matashiro na fahari ya mkutano ule wa 1922, na mji ulikuwa ni ule ule.

Ryoan-ji ilitiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994, pamoja na Saiho-ji, Ginkaku-ji na majengo mengine ya kale ya Kyoto. Wageni huvua viatu, huketi barazani, na aghalabu huanza kuhesabu. Wakifika 14 husogea kidogo kulitafuta la 15. Mtawa hupiga reki changarawe, akirudi kinyumenyume ili asikanyage mistari yake. Jua la jioni huvuta vivuli vya mawe, na uwanja ule mdogo huonekana mpana kama ghuba maji yakiwa yamejaa. Jina la Kotaro lipo hapo, limegeukia ukuta, upande ambao aliyeketi barazani haoni.